Kiboko Yu Malishoni



Kamusi zetu zinamweleza bawabu kuwa ni mngoja mlango. Neno hili limetujia kutoka Kiarabu, ambako bab ni mlango, na lina ndugu yake wa damu katika Kiswahili: bawaba, kile kipande cha chuma kinachoushika mlango kwenye mwimo wake. Mmoja ni mtu na kingine ni chuma, lakini kazi yao ni moja: kubaki papo hapo ili wengine waingie na kutoka.

Niliufanya ubawabu kwa msimu mmoja, likizo ya Desemba ya mwaka 2022, katika kambi ya mahema iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha. Nilikuwa nimehitimu ualimu wa Kiswahili na nikingoja ajira ambayo haikuwa na haraka ya kuja. Kibarua kilikuwa cha wiki sita. Sikukitafuta ili nijifunze ushairi. Nilikitafuta ili nilipe kodi ya nyumba. Hata hivyo, sijapata darasa lililonifunza zaidi juu ya vina, mizani na ngeli kuliko kile kibanda cha mabati kilichokuwa kando ya lango, na ndiyo sababu nimeona niwaandikie.

Kwa wasiopajua, Naivasha ni ziwa la maji baridi katika Bonde la Ufa, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Jina lenyewe lilitokana na neno la Kimaasai linalosema habari ya maji yanayochafuka, kwa kuwa upepo wa alasiri huyainua mawimbi ghafla. Mito Malewa na Gilgil huingia humo, wala hakuna mto unaotoka. Kandokando yamesimama mafunjo na migunga yenye magome ya manjano, na juu ya migunga hiyo furukombe hulia asubuhi kama mwadhini asiyesahau saa yake. Mwaka 2020 ziwa lilipanda sana, likavamia nyumba na mashamba. Pale kambini ilibidi ua urudishwe nyuma, na kipande cha nyasi kilichobaki kati ya ua na maji kikawa chembamba.

Kipande hicho ndicho kiini cha habari yangu, kwa sababu kilikuwa na wenyewe. Mchana viboko hukaa majini. Jua likizama hutoka kwenda kulisha, na dume aliyekomaa huwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Kwenye nchi kavu anaweza kumshinda mbio mtu wa kawaida. Hawindi watu wala hawali. Hatari yake huja pale anapoona kwamba kuna kitu kimesimama kati yake na maji, maana maji ndiyo kimbilio lake. Wavuvi wengi wa Naivasha wameumizwa na baadhi yao kuuawa, na Agosti 2018 mtalii mmoja kutoka Taiwan aliuawa kando ya ziwa hili alipokuwa akipiga picha.

Kazi yangu ilikuwa rahisi kuieleza. Gari likifika, niandike namba yake daftarini, nihesabu vichwa, nipokee kiingilio, nitoe stakabadhi, kisha niinue mti wa lango. Saa kumi na mbili jioni nihakikishe kwamba wageni wa kutwa wametoka wote na kwamba wa kulala wako upande wa ndani wa ua. Baada ya hapo mzee wa zamu ya usiku aliwasha umeme wa ua, nami nikamkabidhi daftari. Yeye aliniita Mwalimu, nami nilimwita Mzee, na heshima hiyo ilitutosha. Wageni walikuwa na majina mengine. Kwa mmoja nilikuwa soja, kwa mwingine askari, kwa wa tatu bosi, hasa aliyetaka kupunguziwa bei. Hakuna hata mmoja aliyeniita bawabu. Neno zuri lilikuwa limelala kamusini huku mwenyewe akipigwa na jua.

Jambo la kwanza nililolitambua langoni ni kwamba pale hapana hodi. Mgeni wa Kiswahili hubisha hodi na kungoja akaribishwe. Ndani ya ukaribisho huo mna ruhusa, mna heshima, tena mna sauti mbili zinazopokezana, mmoja akianza na mwingine akijibu. Langoni mwa kambi hodi imegeuka honi. Konsonanti moja imebadilika, na mazungumzo yamekufa. Honi haingoji jibu, huamrisha. Nilizoea kutoka kibandani na kusema karibuni kana kwamba nimebishiwa hodi, na mara nyingi dereva aliyekuja amekunja uso alijikuta akiitika starehe, kwa kuwa ulimi wa Mswahili huijua njia yake hata mwenyewe akiwa na hasira.

Jambo la pili lilikuwa kibao. Kambi ilikuwa na kibao kikubwa cha maonyo kilichoandikwa kwa Kiingereza peke yake. Mwezi wa Desemba wageni wengi wa kutwa huwa ni wenyeji: vijana wa mjini, vikundi vya kanisa, na familia za wafanyakazi wa mashamba ya maua yanayolizunguka ziwa. Meneja, aliyejua kwamba nimesomea Kiswahili, alinipa ubao, rangi nyeupe na brashi, akaniambia niandike kwa lugha ya watu. Akapendekeza maneno mawili yanayotosha: TAHADHARI: VIBOKO.

Niliyaandika, nikakipachika kibao. Siku ya pili mvulana mmoja wa shule ya msingi alikisoma kwa sauti, akageuka akamwuliza baba yake kama hapa kambini watu bado wanachapwa. Wenzake wakaangua kicheko. Siku hiyo hiyo kijana mmoja alipiga picha chini ya maandishi yale huku amekunja misuli ya mikono, kwa maana katika lugha ya mitaani mtu asiyeshindika ni kiboko.

Hapa, wapenzi wa lugha, pana jambo la kulitua na kulitazama. Kiboko mnyama na kiboko fimbo si maneno mawili yaliyogongana kwa bahati mbaya. Fimbo ilipata jina lake kutokana na mnyama, kwa kuwa ngozi yake nene ndiyo iliyokatwa vipande na kukaushwa ili ichape migongo ya watu. Wazee wa Tanganyika waliopitia utawala wa Wajerumani waliijua adhabu ya hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Kwa hiyo mtoto yule aliyeogopa kuchapwa alikuwa akisoma historia nzima pasipo kujua. Lakini kibao changu hakikuwa cha historia. Kilikuwa cha kumrudisha mtu hemani kabla ya giza.

Tunayo dawa ya utata huu, nayo ni ngeli. Kiswahili humjali kiumbe mwenye uhai, hata jina lake likivaa kiambishi cha vitu. Kiboko ametoka: huyo ni mnyama. Kiboko kimetoka: hiyo ni fimbo. Ndivyo tunavyojua kwamba nyanya akianguka ni msiba wa nyumbani, na nyanya ikianguka ni hasara ya sokoni. Shida ya maneno mawili ya meneja ni kwamba hayana kitenzi, na pasipo kitenzi upatanisho hauna mahali pa kukaa. Hata ningeandika kwamba viboko hupita hapa usiku, nisingetoka shimoni, kwani kiambishi hu cha mazoea hakibebi ngeli yoyote. Hupita watu, hupita magari, hupita fimbo. Nilihitaji kitenzi chenye kiambishi cha uhai.

Nikaandika upya, safari hii kwa sentensi kamili ya kiofisi, iliyowajulisha wageni wote kwamba wanyama aina ya kiboko wanatoka ziwani nyakati za usiku na kwamba ni marufuku kukaa baina yao na maji. Sarufi ilikuwa safi. Hakuna aliyeisoma. Dereva huwa langoni kwa muda wa kutoa pesa na kupokea stakabadhi. Abiria wanatafuta simu zao. Watoto wanaliona ziwa kwa mbali na masikio yao yamekwisha kufika huko. Isitoshe, wako waliokuja ambao hawakupata nafasi ya kujifunza kusoma, na kibao kizuri kiasi gani hakina faida kwao.

Ndipo nilipokumbuka kwamba mababu zetu hawakuanza kutunga kwa mizani ili wapendeze. Walitunga kwa mizani kwa sababu maneno yaliyopimwa hushikika. Utenzi ulibeba dini, tarehe za vita na mawaidha ya mama kwa binti katika jamii ambamo wengi hawakuwa na karatasi wala wino. Nikatunga mishororo miwili, tathnia, kila kipande mizani minane:

Jua likizama chini, ufuoni toka hima;
Kiboko yu malishoni, usimzuie nyuma.

Silabi moja, yu, ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Kiboko yu malishoni hawezi kuwa fimbo. Kwa fimbo tungesema ki. Silabi hiyo ilifanya kazi ambayo sentensi yangu ya kiofisi iliifanya kwa maneno kumi.

Nikaacha kuwategemea wasomaji wa kibao. Wakati watu wazima wakihesabu pesa, niliwasogelea watoto dirishani, nikawasomea ukwapi wa mshororo nao wakaupokea utao. Mimi: jua likizama chini. Wao: ufuoni toka hima. Kwa mtindo huo hodi na karibu vilirudi langoni kwa sura nyingine. Baada ya siku chache nilianza kuyasikia maneno yangu yakirudi kutoka kwenye nyasi, yakiimbwa kwa lahani ambazo sikuzitunga, yakirukiwa kamba, yakitaniwa. Mzee wa zamu ya usiku, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniambia kwamba tangu aanze kazi hajapata jioni ambazo watoto huwaita wazazi wao watoke majini.

Tarehe 26 Desemba watu walikuwa wengi kupita siku zote. Familia moja ilifika kwa miguu kutoka kituo cha matatu, watu tisa, wakiongozwa na nyanya mmoja mwenye leso ya buluu na mjukuu wa miaka minane hivi aliyemshika mkono. Nilimsomea mjukuu yule mishororo yangu. Akaishika kwa mara moja. Nilimsikia akimrudia nyanya yake walipokuwa wakiteremka kuelekea majini.

Jioni hiyo mawingu yalitanda mapema na giza likatangulia saa yake. Saa kumi na mbili nilipohesabu, waliotoka katika familia ile walikuwa wanane. Daftari lilisema tisa. Mama mmoja alidhani nyanya yuko chooni. Mwingine alidhani ametangulia barabarani. Mjukuu alikuwa akilia, akisema nyanya alirudi kuchota maji.

Mzee alichukua tochi, nami nikamfuata. Kwenye kile kijilango cha ua alininyoshea mkono wa kunizuia. Kiboko alikuwa amesimama juu ya nyasi, hatua arobaini hivi kutoka tulipokuwa, kichwa chini, akizikata nyasi kwa sauti inayofanana na kitambaa kinachoraruliwa. Mzee alizima tochi. Ilituchukua muda kumwona nyanya. Alikuwa nyuma ya shina la mgunga, pembeni, amebana leso kifuani, na kati ya mnyama na ziwa hapakuwa na kitu chochote. Kuupanda mteremko kuja kwetu kungemlazimu apite mbele yake. Kurudi ufuoni kungemweka palepale ambapo haifai mtu kuwapo. Hakufanya moja wala la pili. Alisimama. Tulisimama nasi, na sijui mtu huhesabu vipi muda wa namna hiyo. Hatimaye mnyama akainua kichwa, akageuka bila haraka, akashuka majini kwa njia yake iliyokuwa wazi.

Nyanya alikuja kwetu akiwa na chupa ya plastiki iliyojaa maji ya ziwa. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, sauti haikutetemeka. Nilipomwuliza alijuaje kukaa pembeni, alinitazama kana kwamba nimemwuliza jina lake.

"Si mjukuu wangu ameniimbia mchana kutwa? Usimkatie maji."

Nilimwambia, kwa upole, kwamba maneno yenyewe yalikuwa usimzuie nyuma.

"Nyuma ya nani, mwanangu? Yangu ama ya mnyama?" akauliza. "Mimi nimeelewa hivi: mtu akikatiwa maji hukasirika. Hata mimi hukasirika."

Kumbe mjukuu alipomfundisha, nyanya alikuwa amelihoji lile neno nyuma, akaliona halimpeleki popote, akaliondoa na kuweka neno kutoka nyumbani kwake. Anayeishi katika nyumba za kupanga anajua kukatiwa maji ni nini. Anajua asubuhi ya mifereji mikavu na foleni ya mitungi. Tulipokuwa tukipanda kwenda langoni aliniambia jambo ambalo limebaki nami zaidi ya hofu ya jioni ile. Alikuwa amekaa Karagita miaka kumi na tisa, mwendo wa kutembea kutoka ziwani, na kila siku ya kazi aliliona ziwa likimeta kupitia nyua za watu. Ufuo wa Naivasha kwa sehemu kubwa umeshikwa na mashamba, hoteli na kambi; mahali ambapo mwananchi huweza kufika majini bila kulipa ni pachache. "Leo ndiyo nimelishika," akasema, akaiinua chupa. Alikuwa akiipeleka nyumbani ili aiweke dirishani, basi.

Mtu aliyekatiwa maji kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyelijua neno la kumsemea kiboko.

Usiku ule sikulala mapema. Neno la nyanya lilikuwa na mizani minane kamili: u-si-m-ka-ti-e-ma-ji. Lakini lilivunja kina. Hima ilikuwa ikingoja nyuma, na nyuma haikuwapo tena. Najua wenzangu kadhaa ambao wangesema shairi lisilotimiza vina ni guni, na kwamba heri maana ichechemee kuliko kina kipotee. Najua na wengine wa mlengo wa huru watakaosema vina vitupwe, tuwe tumemaliza. Mimi nilikuwa nimetoka kuona neno likimweka mtu hai nyuma ya mti, na sikuwa tayari kulitoa kwa ajili ya hima. Wala sikuwa tayari kutupa kina, maana ni kina kilicholifikisha shairi kwa mjukuu, na mjukuu kwa nyanya. Ilibaki njia moja: neno lake liwe nguzo, na mshororo wa kwanza ujengwe upya kulifuata. Nilitafuta mwenzi wa maji hadi taa ya kibandani ikaanza kufifia, kisha akaja:

Jua likizama chini, ondoka, mtembeaji;
Kiboko yu malishoni, usimkatie maji.

Asubuhi nilipiga rangi kibao, nikaandika mishororo hiyo miwili tu. Meneja alisoma, akauliza neno tahadhari limeenda wapi. Mzee wa usiku, aliyekuwa akikunja koti lake, akamjibu kwamba limo ndani. Meneja akasoma tena, midomo ikitikisika, na nikaona kwamba kufikia mara ya tatu hakuwa tena akisoma.

Nilikabidhi daftari na tochi Januari, watoto walipokuwa wakishonewa sare. Mshahara ulilipa kodi ya miezi miwili. Tangu hapo nimefundisha tarbia na takhmisa kwa wanafunzi wa sekondari, na kila ninapomwona kijana akiburura neno lisilo na maana hadi mwisho wa mshororo ili kina kitimie, humwuliza swali nililoachiwa ufuoni: nyuma ya nani? Mara nyingi hufuta, huanza upya, na mara nyingi neno linalokuja ni la jikoni kwao, la sokoni, la foleni ya maji, neno ambalo hakudhani linaruhusiwa kuingia katika shairi.

Malenga wenzangu, tathnia ile ni ya mishororo miwili tu, na lango lake li wazi. Mwenye kuona kwamba chini ni kijalizo, na kwamba jua laweza kuzama kwa neno bora, na alilete. Mwenye kutaka kuongeza miwili iwe tarbia, karibu. Nina sharti moja la kibawabu. Kipande cha mwisho si changu, na hakibadilishwi.